Vikapu Vilivyogeuka Malori

Alhamisi. Mwaka wa pili wa Uhuru, msimu wa mvua za mchana.

Mvua ya mawe imepiga mabati ya chumba changu tangu saa kumi, sasa yamebaki manyunyu. Viatu vyangu viko nje mlangoni, vimejaa tope la Navakholo, na sitaki hata kuvigusa. Leo nimechefuka. Nimetafuta neno la adabu zaidi, shajara yangu, nimelikosa.

Niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Wewe unajua kazi yangu. Mimi ni mchoraji ramani katika ofisi moja ya ujenzi hapa mjini Kakamega. Nachora kalavati, nachora vyoo vya soko, nachora tena vyoo vya soko kwa sababu vya kwanza vimedidimia. Kitu pekee nilichochora kwa moyo ni ule ukuta wa udongo wa Navakholo, ngome ya wazee wetu, nao hakuna aliyenituma. Miezi saba nimekuwa nikienda kila Jumamosi kwa baiskeli, na kamba, vigingi, timazi na mkate wangu wa mchana.

Kilichonipeleka kule ni hasira. Mkubwa wetu wa zamani, yule Mzungu aliyeondoka na mbwa wake wawili, aliacha karatasi ndani ya faili. Aliandika kwamba ukuta ule lazima ulijengwa na watu wa misafara ya biashara ya pwani waliokuwa wakipita kwenda Mumias, kwa kuwa watu wa hapa hawakuweza kujenga kitu cha kudumu. Nilikuwa nikilifungua faili hilo karibu kila wiki kutafuta mambo mengine, na kila mara niliisoma karatasi ile tena. Nikasema nitapima mpaka nijue ulijengwaje.

Aliyenifundisha ni Rasoa, mama mzee anayelima mahindi ndani ya ngome. Namwita kukhu, kama ninavyomwita nyanya yangu mwenyewe. Mama yake alibeba vikapu vya udongo kwenye ukuta ule, na Rasoa akiwa msichana alisaidia kuukarabati. Alinionyesha handaki la nje, lenye kina kinachozidi kimo changu, akasema udongo wote ulitoka humo. Wanaume walichimba, wanawake wakabeba. Udongo ukachanganywa na nyasi zilizokatwa na mavi ya ng'ombe, ukamwagiwa maji, kisha watu wakapanga mstari na kuukanyaga kutwa nzima. Tabaka moja halikuzidi urefu wa mkono hadi kiwiko. Likishakanyagwa liliachwa. Hakuna aliyeongeza la pili mpaka mtu mzito asimame juu na kisigino chake kisiache alama. Juu kabisa wakapaka udongo wa kichuguu ili maji yateleze.

Nilikata kipande kidogo pale ulipobomoka, nikaona matabaka yenyewe, moja juu ya jingine. Yalikuwa kumi na manne. Nilikaa chini pale nikacheka peke yangu.

Halafu nikafanya upuuzi wangu. Nilitaka watu wa ofisini washangae, kwa hiyo nikapiga hesabu ya udongo wote wa nusu ya mashariki, nikaugawa kwa kikapu kimoja cha mwanamke. Nikaandika idadi ya vikapu chini ya ukurasa wa mwisho na kuipigia mstari mara mbili. Kukhu aliniuliza karatasi hiyo itafanya nini. Nikamjibu, kifua mbele, kwamba italinda ukuta. Serikali ni yetu sasa, nilimwambia, wakijua ni kazi ya mikono yenu hawataugusa.

Nilimwambia hivyo nikiwa nakula mahindi yake ya kuchoma.

Bwana Amukoya, mkubwa wetu wa sasa, aliupokea mchoro wangu kwa mikono miwili. Alinisifu mbele ya makarani. Juma lililofuata nikaona kijikaratasi mezani mwake: vikapu vyangu vimegawanywa upya, safari hii kwa lori la kumwaga mchanga. Kamati ya sherehe za Uhuru ya huko Navakholo ilihitaji udongo wa kuinua jukwaa la mgeni rasmi, na bila hesabu hakuna aliyekubali kutia sahihi fomu ya malori. Hesabu nilikuwa nimewapa mimi, safi, na mstari chini mara mbili.

Niliingia kwake kulalamika. Hakukasirika hata. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba kuta ni mambo ya watu waliokuwa wakipigana, na sasa sisi ni kitu kimoja. Akaongeza kwamba sisi hapa tunafanyanga kazi ya kesho, si ya jana. Nikasema ndiyo bwana. Nilitoka na kufunga mlango taratibu usije ukagonga. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko lori lolote.

Mzungu aliusingizia ukuta, lakini aliuacha umesimama. Sisi tumekubali ni wetu, tukaichimba nusu ya mashariki na kuipakia kwenye malori.

Sasa ya leo.

Asubuhi habari zimekuja kwamba jukwaa limeporomoka usiku kwa mvua. Bwana Amukoya akanichukua kwenye Landrova. Tulipofika nikaona lundo jekundu limelala chini kama uji uliomwagika, ngazi za mbao zimeegemea upande, na bendera za karatasi zimegandamana topeni. Walikuwa wamemwaga lori juu ya lori kwa siku mbili, wakasawazisha juu kwa majembe na kupaka chokaa. Hakuna tabaka lililokanyagwa. Fundi wao alikuwa akisema udongo wenyewe ni mbaya, udongo wa zamani umechoka. Bwana Amukoya akawa anatikisa kichwa kukubali. Udongo uliosimama kwenye mvua tangu kabla baba zao hawajazaliwa, ndio umechoka.

Nikawapa mgongo.

Kukhu Rasoa alikuwa amekuja na jembe begani. Hakusalimia mtu. Akavua ndara zake, akapanda kwenye lile lundo, akabonyeza kisigino. Mguu ukazama mpaka kifundoni. Akautoa, akaupangusa kwenye nyasi bila haraka, akaja mpaka niliposimama.

"Hawa wamemwaga tu," akasema. "Wewe nilikuambia. Hukuandika?"

"Niliandika, kukhu."

"Yote?"

"Yote. Kisigino pia niliandika."

Hakuwa na hasira, na mimi ningeshukuru angekuwa nayo.

"Sasa ulikuwa unamwandikia nani?"

Bwana Amukoya alikuwa hatua tatu kutoka hapo na ripoti yangu kwapani. Kurasa ishirini na mbili kuhusu kukanyaga, nyasi, kusubiri, kichuguu. Ilikuwa imekunjwa kwenye ukurasa wa mwisho, na nyingine bado zimeshikana kama zilivyotoka kwangu.

Kisha mkubwa akaniita kando. Sherehe ni siku tisa zijazo. Hili lundo litasukumwa pembeni, wataleta udongo mpya, na safari hii watachukua nusu ya magharibi, iliyo kavu zaidi. Alijua nimemaliza kuipima wiki iliyopita. Akataka hesabu kesho saa mbili asubuhi, kwa malori, nisimsumbue na vikapu. Hesabu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, kwenye karatasi moja pamoja na mchoro, haina nakala. Nikamwambia nahitaji kuhakikisha vipimo viwili vitatu, yeye atangulie mjini. Akanipiga bega akisema nina bidii.

Nilikwenda nyumbani kwa kukhu. Nilimweleza kila kitu, tangu ile hesabu ya vikapu mpaka ndiyo bwana yangu. Nilifikiri atanifukuza. Aliuliza tu kama wakikosa karatasi hawawezi kuchimba. Nikamwambia ukweli: wanaweza, ila mwenye kutia sahihi anaogopa kutia bila hesabu, na mpimaji mwingine hawatampata kabla ya siku tisa. Baada ya sherehe hakuna atakayetaka udongo. Labda. Sikumwahidi chochote leo.

Nikatoa karatasi na kumpa mkononi. Hajui kusoma, lakini aliigeuza pande zote mbili, akapitisha kidole juu ya mchoro, akauliza mlango wa magharibi uko wapi. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kuridhika. Halafu akachuchumaa mbele ya mafiga, kuni zikiwa mbichi kwa hii mvua, akaikunja karatasi na kuwashia moto.

Sikumzuia. Nilisikia uchungu, sitakudanganya. Ule ndio mchoro bora niliowahi kuchora.

Alipika obusuma, ugali wetu, na mboga za kunde. Tukala tukiutazama ukuta kupitia mlangoni, nusu iliyobaki. Tulipomaliza akanipeleka kwenye handaki na kunionyesha mahali ambapo tabaka la chini limeanza kuliwa na maji. Akaniuliza Jumamosi nina kazi gani. Kumbe alishachanganya udongo, ameufunika kwa majani ya ndizi. Kilichobaki ni kuukanyaga, na magoti yake hayawezi tena.

Nimerudi mjini nyuma ya lori la mahindi. Kesho saa mbili Bwana Amukoya atanyoosha mkono aipokee hesabu. Nimejaribu majibu matatu hapa kitandani na yote ni ya mwoga: imepotea, imelowa, bado naimalizia. Nayachukia yote matatu. Jibu la kweli ni kwamba nimeila na mboga za kunde, na kwamba sitapima tena.

Nitaweza kulisema, mimi niliyefunga ule mlango taratibu?

Viatu sitaviosha. Nitaingia navyo ofisini hivyo hivyo.