Vazi la Mpira Lililotoka Osaka

Kijijini, Jeju
Mwezi wa tatu, 1976

Dada yangu mpenzi Chun-bok,

Pokea salamu zangu, na za mbwa wa Mama ambaye bado analala juu ya viatu vyake. Hujambo huko Osaka? Shemeji mgongo umepoa? Sisi huku wazima. Maua ya haradali yamefunguka hadi kwenye kaburi la Mama, na shayiri mwaka huu ni nzuri.

Nina habari ya kukuchekesha. Mwezi uliopita mzamiaji wa mwisho kijijini alipata vazi lake la mpira, basi wanawake wote tukaruhusiwa kuvaa. Jana nikalishusha ukutani lile ulilomshonea Mama kwa mikono yako huko kiwandani. Linanibana mabegani, maana Mama alikuwa mwembamba, lakini liliingia. Niliwaona wenzangu wakijifunga kiunoni mikanda yenye chubwi za risasi, vile vizito vya kuzamishia. Nikajisemea, hayo ni mavazi ya dukani, la Osaka halihitaji mizigo.

Dada, niliruka kichwa chini, sikwenda popote! Nilielea kama kibuyu. Nikajaribu tena, miguu ikabaki juu inapiga hewa. Mama Seong-bo alicheka mpaka akameza maji, akaniuliza kama nawinda pweza au mawingu. Naye Bibi Bu, yule aliyetufundisha kuzamia, akapaza sauti, "Mwacheni jamani, bata wetu anatafuta pa kutaga!" Miaka ishirini nimezamia, na jana nilishindwa kuzama pale vikongwe wa miaka themanini wanapookota konokono.

Wakanivuta hadi kwenye ukuta wa mawe tunakoota moto. Bibi Bu akatoa kapuni mwangu vazi la zamani la Mama, lile la pamba nyeupe. Silivai, ila nalibeba kila siku. Akafunga ndani yake mawe matano, akanizungushia kiunoni, akakaza fundo. "Mama yako alikuwa mzito wa maneno," akasema. "Atakushusha tu."

Nilishuka, Dada. Nilishuka hadi mwambani na sikusikia baridi hata kidogo. Nilirudi juu na pweza wawili.

Najua umefika hapa ukaiweka barua chini. Wewe ndiye mshonaji, unajua vazi hili halizami bila uzito, na Mama hakuwahi kukuomba mkanda. Basi alizama vipi miaka yote mitatu aliyokuwa nalo?

Hakuzama. Hakulivaa baharini hata siku moja, alizamia na lile lile la pamba. Barua zile zote za "Mama anapata joto", "Mama anakushukuru majini", niliziandika mimi, na yeye akinitajia maneno huku akimenya vitunguu saumu. Wanawake walikubaliana asivae mmoja mpaka wapate wote, na mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wake. Alisema hawezi kukaa na joto huku Bibi Bu akitetemeka kando yake. Lakini aliogopa kwamba ukijua hutalala.

Hata ile picha uliyoitundika ukutani tuliipigia uani. Nilimmwagia kata mbili za maji kichwani aonekane katoka baharini. Kulivua kulitaka watu watatu na sabuni. Mama alikaa sakafuni, machozi ya kicheko yakimtoka, akisema, "Mwanangu kanishonea ngozi! Mtu hutokaje kwenye ngozi yake?" Tangu hapo, kila siku ya kufua, alilishusha akalipaka poda ndani lisigandamane. Jana nilipolivaa, poda yake ilinibaki mikononi.

Nisamehe. Kila barua ilinichoma, lakini yeye ilimfurahisha, nami nilipenda kumwona hivyo.

Njoo kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake. Bibi Bu ameahidi kukucheka na wewe. Na tafadhali, usiniletee mkanda. Huu nilio nao unanitosha.

Mpe Shemeji salamu zangu, umkande mgongo kwa maji ya chumvi, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Mimi mdogo wako, ambaye sasa kijiji kizima kinamwita Bata,

Gye-sun