Mwanga Uliopita Isevya Wakati wa Matanga

Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma kutoka upande wa Nzega. Vumbi lilitanda juu ya mabati ya Isevya, hapa Tabora, na jua lilikuwa limeanza kuchoma mapema. Saa hiyo mwaka ulitimia tangu ulipotutoka, Ruaa binti Humaidi. Mwaka ulizunguka ukafika tena mlangoni petu, nawe hukuja nao.

Siku ile ulikuwa umekuja nyumbani likizo. Ulikaa mkekani na mama yako, Bi Fakhria, mkichambua mchele, ukasema kifua kinakubana, ukaegemea ukuta. Moyo ambao hukuwahi kuulalamikia ulisimama kabla gari halijapatikana. Ulikuwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Chuoni walikuita Daktari, na jina hilo lilikufuata hadi Tabora. Majirani walikuletea watoto wenye homa. Hukuwacheka. Uliwaambia, "Mimi ni daktari wa mbali sana, mama. Mgonjwa wangu hata hajui kama ninamtazama." Kisha ulivaa viatu ukawasindikiza hadi zahanati, ukakaa nao kwenye foleni.

Mgonjwa wako alikuwa kiini cha galaksi moja iliyo mbali mno. Ndani ya kiini hicho mna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua. Gesi inapolizunguka ikielekea kuanguka humo, hupata joto kali na kutoa eksirei, hata kiini kikang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Kiini chako kiling'aa hivyo kwa miaka mingi, kisha kikafifia na kunyamaza. Wenzako walihamia kwenye viini vingine. Wewe ulibaki nacho. Ulisema kitaamka, na walipokuuliza lini, ulisema hujui, ila utakuwa macho.

Ulitaka kujua jambo moja tu. Je, shimo liliacha kula, au lilizibwa na wingu la gesi lililopita mbele yake? Jibu lingepatikana katika siku chache za kwanza za kuamka kwake, kwa kuuchambua mwanga wake wa eksirei. Wingu likiondoka huacha pengo lake ndani ya mwanga. Shimo likianza kula upya, chuma kilichomo ndani ya gesi hutoa mstari wake katika mwanga huo, na mstari huo hutanuka. Siku hizo zikipita, alama hizo huchanganyika, na hakuna anayeweza kuzitenganisha tena.

Uliweza kuyaeleza haya kwa mtu yeyote. Baba yako, Mzee Humaidi, ananunua asali ya miombo, na hajapata kulipia hata galoni moja bila kuitia kwenye glasi na kuiinua dirishani. Huitazama, halafu husema, "Hii imekula moshi," au, "Hii imetiwa maji." Siku moja ulimwambia, "Baba, kazi yangu ndiyo hiyohiyo. Tofauti ni kwamba glasi yangu siwezi kuishika."

"Na mwenye asali unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Basi usinunue."

Ulicheka hadi ukashika mbavu. Yeye hakucheka, lakini jioni ile aliwasimulia wenzake wote msikitini.

Mama yako hakuuliza habari za chuma wala za gesi. Aliuliza akuombee nini. Ulimwambia aombe kiini kiamke. Kuanzia hapo, kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, aliinua mikono akasema, "Kiamke, ya Rabbi, mwanangu yuko macho."

Ulikuwa umejipanga vizuri, kama kawaida yako. Huko ng'ambo, jangwani, upo mtambo unaolinda anga usiku kucha. Uliuelekeza ukuarifu mara tu kiini kitakapoanza kung'aa. Ukishaarifiwa, ulitakiwa kutoa idhini ndani ya siku mbili, na satelaiti yenye darubini ya eksirei ingegeuzwa ikitazame. Ombi lako la kuitumia satelaiti hiyo lilikataliwa mara nyingi kabla ya kukubaliwa. Ruhusa ilikuwa kwa jina lako peke yako. Ulikusudia kumwongeza mwanafunzi wako, Jenifa wa Puge, likizo ikiisha.

Nyumbani kwetu kuna desturi. Mtu akifariki, simu yake haizimwi mpaka matanga yaanuliwe. Mmoja wa familia huishika na kumjibu kila anayepiga na kila anayeandika, ili asiwepo mtu anayeendelea kumngoja marehemu. Kazi hiyo ilimwangukia mdogo wako, Faris. Alitunga taarifa fupi ya msiba kwa Kiswahili na Kiingereza, akaituma kwa wote bila kumruka yeyote. Aliyepiga akilia, alilia naye. Aliona kuwa ni heshima ya mwisho anayoweza kukupa, naye alitaka kuitoa bila dosari.

Siku ya pili ya matanga, simu ilitoa mlio ambao hakuwahi kuusikia, mkali na mrefu. Ulikuwa ujumbe wa Kiingereza uliojaa tarakimu, na chini yake palihitajika jibu. Faris aliwatumia taarifa ya msiba. Baada ya muda mlio ukarudi.

"Nani huyo anayelia hivyo?" Bi Fakhria aliuliza kutoka chumba cha wanawake.

"Watu wa darubini, Mama. Wanataka jibu."

"Hujawajibu?"

"Nimewajibu. Hata pole hawajasema."

"Wana desturi zao, mwanangu. Wajibu tena, na uwe na adabu."

Akawaandikia tena. Aliwashukuru kwa kushirikiana nawe, akaeleza kuwa umekwisha kuzikwa, akawaomba wasikusumbue. Mlio ulipokuja mara ya tatu, watu walikuwa wamesimama kwa sala ya alasiri. Faris alitoka nje kwa hasira. "Watu gani hawa wasio na haya!" alisema, akaizima simu kabla ya wakati wake na kuifungia kabatini.

Upande wa pili hapakuwa na mtu, Ruaa. Palikuwa na mtambo uliongoja neno moja la kukubali. Haukujua kusoma taarifa ya msiba, wala haukujua kuwa kuna watu hufa.

Kiini chako kiliamka. Mwanga wake ulikuwa umesafiri tangu enzi ambapo hapakuwa na binadamu hata mmoja duniani, ukafika juu ya paa letu wiki ileile tuliyokuzika. Ulipita, na sisi tulikuwa tukigawa kahawa.

Faris hakujua hayo hadi siku ya arobaini. Jenifa alikuja kutoka Puge amejifunga kanga nyeusi, akamwamkia Bi Fakhria, akakaa kidogo na wanawake. Halafu alimfuata Faris uani na kumwomba aitazame simu yako, kwa sababu kumbukumbu za mtambo zilionyesha kuwa mwanga wa kiini ulipanda na kufifia. Faris akaileta. Alimwonyesha majibu yote aliyoyatuma, na hata pale alikuwa na fahari kidogo.

"Tazama, dada Jenifa. Sikumwacha mtu."

Jenifa alisoma. Alipofika kwenye ujumbe wa mtambo, na chini yake taarifa ya msiba, na chini yake tena zile shukrani, alikaa chini kwenye ngazi.

"Nini?" Faris aliuliza. "Sema basi."

"Kaka Faris, ungebonyeza tu hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Mara moja."

Alimweleza yote, taratibu, kama ulivyomfundisha. Faris alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama bado inawezekana kubonyeza.

Tangu siku hiyo ndugu yako hakuwa mtu wa kawaida. Aliandika kwa kila kituo cha anga alichokipata, akiuliza kama kuna darubini yoyote ya eksirei iliyotazama upande ule katika zile siku. Waliojibu walijibu kwa upole. Hakuna aliyekuwa ametazama. Jenifa aliomba satelaiti ikitazame kiini hivyohivyo, nayo ikakitazama kwa muda mfupi, lakini kilikuwa kimefifia. Mwanga uliopatikana haukutosha kuchora hata mstari mmoja.

Siku moja Faris aliwasha pikipiki bila kumuaga mtu, akaenda hadi Puge. Alimkuta Jenifa shambani kwa wazazi wake akikusanya mabua ya mahindi. Hakungoja hata kukaribishwa.

"Nimefikiri jambo. Lori la asali likinipita Tabora na mzigo wangu, silikimbizi. Napiga simu mbele. Likinipita Puge, yupo mtu Nzega atalisimamisha. Likipita Nzega, yupo mtu Igunga. Huo mwanga umetupita sisi. Mbele yetu yuko nani?"

Jenifa aliweka mabua chini. "Hakuna mtu mbele, kaka."

"Hata mtambo? Hata satelaiti iliyotumwa mbali kabisa?"

"Mwanga unaishinda mbio satelaiti yoyote. Ukishapita, hakuna kinachoweza kuufikia."

"Kioo basi. Kitu cha kuurudisha."

"Faris." Alimtaja jina tupu kwa mara ya kwanza. "Mimi pia nimetafuta. Unadhani sijatafuta? Kazi ya Mwalimu ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Hapo ndipo Faris alipoona kuwa msichana huyo amekonda kama yeye. Alimsaidia kubeba mabua mpaka zizini, akarudi Tabora. Mahali misafara ya zamani ilipokuwa ikipumzika, alisimamisha pikipiki akakaa kando ya barabara hadi jua likawa juu ya kichwa. Aliyetueleza hivyo ni dereva wa lori aliyempita akienda, na akamkuta palepale akirudi.

Lakini hakumwambia Mama. Kila Ijumaa alimsikia akiomba, "Kiamke, ya Rabbi," na kila Ijumaa alitoka nje. Mwaka ukaishia hivyo, hadi siku moja kabla ya kisomo chako cha mwaka. Bi Fakhria alikuwa jikoni akitwanga bizari ya pilau. Faris aliingia, akasimama.

"Mama, usikiombee tena."

"Nisikiombee nini?"

"Kile kiini cha Dada."

"Kwa nini? Kimekufa?"

"Kiliamka."

Mchi ulinyamaza. "Lini?"

"Siku ya pili ya matanga. Ile simu iliyokuwa ikilia, ndicho kilichokuwa kinaita. Ilitakiwa nikubali. Mimi niliwapa taarifa ya msiba."

"Mimi ndiye niliyekwambia ujibu tena."

"Mwenye simu nilikuwa mimi, Mama."

"Sasa, shimo lilikuwa linakula, au lilikuwa limezibwa?" Kumbe swali lako alilijua siku zote.

"Hatujui."

"Jenifa hajui?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

"Hakuna, Mama. Hakuna atakayejua."

Aliuweka mchi kando ya kinu. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimebakiwa na kazi moja ya kumfanyia mwanangu," alisema. "Mwaka mzima nimeifanya. Mwaka mzima wewe unanisikia, na unajua ninaomba kitu kilichokwisha kupita."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusikia. Nipishe nimalize bizari."

Jumamosi watu walijaa. Kisomo kilisomwa vizuri, na waliokupenda walikuja kutoka Nzega, Igunga na hata Urambo. Tunawashukuru wote. Jenifa alifika kwa basi la asubuhi. Alieleza kuwa ameandika upya lile ombi, na kwamba safari hii mtambo utawaarifu watu watatu, yeye na walimu wawili wanaoijua kazi.

"Niongeze na mimi," Faris alisema.

"Hapana, kaka Faris."

"Kwa kuwakumbusha tu. Sitagusa kitu."

"Hapana. Si kwa ubaya."

"Kikiamka utaniambia?"

Jenifa alimtazama kwa huruma, lakini hakumdanganya. "Kinaweza kuamka sote tukiwa makaburini."

Ruaa, tumekuandikia mambo kama yalivyo kwa sababu wewe hukupenda maneno ya kuremba. Ulikuwa sahihi kuhusu kiini chako. Hilo tunalo. Ulichokitaka kutoka kwake hatunacho, na hatuna pa kukipata.

Wageni walipoondoka, baba yako, Mzee Humaidi, alikwenda makaburini akang'oa magugu yaliyoota ubavuni pako. Dada yako mkubwa, Shifaa, alirudisha mikeka ya watu na kuandika kumbukumbu hii. Mwanafunzi wako, Jenifa, aliwahi basi la mchana kwenda chuoni. Mama yako, Bi Fakhria, alipakua chakula cha nyumba. Sahani ya Faris aliipakua mwisho, akampa bila kumtazama. Ijumaa iliyofuata aliinua mikono kama kawaida, akakaa nayo hivyo, akaishusha bila kusema neno. Mdogo wako, Faris, aliosha masufuria yote hadi la mwisho, ingawa hakuna aliyemwomba.

Hao ndio wanaokukumbuka, na hawatachoka kukukumbuka.