Bei ya Kijito Chetu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na mgongo wako, maana najua wewe mwenyewe hutausema. Je, umepata nafuu, au bado unainuka kitandani kwa kushika ukuta huku ukimwambia Mama kwamba hujambo? Na kifua chake Mama kinaendeleaje? Mwambie sweta aliyonifumia naivaa hata jua likiwaka, wenzangu wacheke wakitaka. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, Baba, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia tu, nawe ungebaki kuniita bila kuelewa kitu.

Nilipochagua kusoma uchumi na mazingira kwa pamoja, ulicheka ukauliza kama nitakuwa nahesabu miti au napanda hela. Hata hivyo kila aliyekuja bustanini kununua miche ya kabichi alipata habari zangu kabla hajapata miche. Walimu wangu wawili ni kama mbingu na ardhi. Wa mazingira ni mama wa makamo ambaye viatu vyake vya mpira haviishi tope. Yeye hutaka kujua ndani ya maji mna nini. Wa uchumi tunamwita Kikokotoo, kwa siri. Yeye alitufundisha kwamba kitu kisicho na bei wakubwa hawakioni, kwa hiyo ukitaka mto ulindwe, kwanza uupe bei. Nilimwamini sana.

Ndiyo sababu likizo ile nilizunguka nyumba zote za kando ya kijito na swali moja: kiwanda cha kutia nguo rangi kikitaka kumwaga maji yake machafu humu, mlipwe kiasi gani ndipo mkubali? Jirani yetu Redio, ambaye hanyamazi hata akitafuna, siku hiyo alinijibu kwa maneno machache tu. Aliniambia niende zangu, kijito si mbuzi. Mjane wa seremala alinifungia mlango. Wewe ulikuwa umechutama unapunguza miche. Ulisema huwezi kutaja kiasi kwa sababu hujawahi kufikiria kukiuza. Ulisema babu alikikuta na wajukuu zako watakikuta, halafu ukanituma ndoo. Wachache mno ndio waliotaja pesa, nao walitaja kidogo, wakiona haya kana kwamba ningezitoa mfukoni mwangu.

Utafiti wangu ulisifiwa, nikapewa cheti, nawe ukabandika picha yake mlangoni. Lakini wiki iliyopita mwalimu wa mazingira aliniita ofisini. Alinieleza kwamba kiwanda kimeomba kibali cha kumwaga maji kijitoni, na hoja yake kubwa ni utafiti wa mwanafunzi mzaliwa wa pale pale. Wanasema utafiti huo umeonyesha kuwa kijito kina thamani ndogo kuliko gharama ya kujenga bwawa la kusafishia maji, basi bwawa la nini? Kisha akaniuliza, kwa upole ulionitisha, wale waliokataa kutaja bei niliwaandikaje.

Baba, hapa kalamu inanigomea. Tulifundishwa kwamba anayekataa huwekwa kando, na maneno yake huelezwa yalivyo. Lakini waliokataa walikuwa karibu kijiji kizima. Ningewatoa, nisingebaki na utafiti, na mimi nilitaka kumaliza na wenzangu. Niliwaandika sifuri. Redio, sifuri. Mjane, sifuri. Na wewe uliyetulea sote kwa maji yale nilikuandika sifuri, kisha nikaja kukaa nawe tukala. Mlisema hakiuzwi, mimi nikasema kwa niaba yenu kwamba hakina maana.

Nimekwenda kwa Kikokotoo kuufuta utafiti. Alinionya kwamba nikikiri nimepotosha majibu, shahada sipati. Nimekiri, Baba. Sitahitimu mwaka huu, na huenda nisihitimu kabisa. Niliiandikia pia halmashauri, ambayo ndiyo hutoa kibali, nikidhani basi yameisha, kumbe imejibu kuwa mwanafunzi anayejikana haaminiki, pengine ametishwa na watu wa kwao. Watawasikiliza tu wale walioulizwa, wenyewe, Jumatatu asubuhi ukumbini mwao. Asipotokea mtu, kibali kinatoka siku hiyo hiyo. Naogopa, Baba. Sili nikashiba, na kila nikifumba macho naona maji yenye rangi yakiingia kwenye matuta yako.

Najua nakuomba jambo zito. Hata kwenye harusi ya kaka ulikataa kusimama kusema neno. Sasa nakuomba uje, uje na Redio na mjane, msimame. Usinitetee. Usiseme mtoto alikuwa na haraka, wala usiseme alikosea kidogo. Watu ulionisifu kwao miaka yote hii, waambie kwa sauti kwamba binti yako aliandika uongo juu yako. Nitakaa mstari wa mbele. Usinionee huruma ukaangalia chini.

Msomee Mama barua yote, usimrukie sehemu. Wasalimie kaka na shemeji, na wote watakaokuuliza habari zangu, ukiweza kuwajibu.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba