Hadithi ya Dani Adero Darasani Mchana

Kisiwani Remba

Mwanangu mpendwa Akoth,

Pokea salamu za baba yako, nyingi na za heshima, katika jina la Mwenyezi aliyetulinda sote hata leo. Natumaini wewe, mume wako na wajukuu wangu mu wazima, na kwamba mgongo uliokusumbua wakati wa palizi umetulia. Mimi ni salama. Magoti tu ndiyo hulalamika asubuhi.

Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Uliniuliza kama redio-kaseti uliyonitumia inanifariji jioni kwa nyimbo za dini, nami niliona haya kukueleza kwamba hailali kwangu. Inalala shuleni, katika kabati la mwalimu mkuu. Nisamehe, mwanangu, kwa kuipa zawadi yako kazi ambayo hukuikusudia.

Darasa langu la saba lilikuwa likisinzia. Watoto wa hapa huamka alfajiri kupokea mashua za dagaa wa omena, na ikifika saa nne vichwa vinaangukia madawati. Nilijirekodi nikisoma ufahamu, nikawawekea wasikilize. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, huyo mzee wa ndani ya redio naye hakulala?" Wakacheka, nami nikacheka. Ndipo nilipowaza kwamba heri wasikie sauti wanayoipenda: hadithi kwa Kijaluo, kisha waiandike kwa Kiswahili.

Msimulizi hodari hapa ni Dani Adero, nyanya yake Awino, msichana mwerevu kuliko wote darasani. Nilijua pia kwamba Dani amekusudia kumwachisha shule muhula huu ukiisha ili amsaidie kuanika omena, kwa kuwa macho yake yamefifia na ndege wanamwibia. Nilitaraji kumsihi juu ya hilo. Basi nikaenda kwake adhuhuri, mashine mkononi.

"Japuonj," akaniambia, kwani ndivyo wanavyomwita mwalimu, "wewe ni mtu mzima. Hadithi mchana? Unataka watoto hawa wabaki wafupi kama visiki?"

Nilitahayari. Mimi nililelewa katika bweni la misheni, sikuketi jioni nyumbani kwa nyanya kama wenzangu, na mwiko wa kusimulia hadithi mchana niliusikia kwa mbali tu. Niliomba radhi, nikarudi jua lilipozama. Juu ya shule hakutaka tuzungumze. Alisimulia habari za kiboko aliyekwenda kuposa kwa wanadamu, Awino akibonyeza vitufe.

Siku iliyofuata nilipowasha kaseti, darasa zima liliziba masikio!

"Mwalimu, jua linatuona!" walilia. "Wewe umeshamaliza kurefuka, sisi bado!"

Awino akatoa shauri kwamba tuzibe madirisha kwa magunia na kuwasha karabai. Tukafanya hivyo. Asubuhi kweupe tukawa na usiku wetu, na hakuna aliyesinzia.

Haikupita wiki, habari zikamfikia Dani kwamba sauti yake inasemeshwa mchana. Alikuja na mkongojo, akifoka tangu uwanjani: "Nimekuja kuchukua sauti yangu, na mtoto wangu pia! Sina haja ya kungoja muhula uishe!"

Akasukuma mlango. Akakuta giza, taa, na watoto wakiitikia wimbo wa kiboko pamoja na sauti yake mwenyewe. Awino, ambaye siku hiyo nilikuwa nimempa aongoze kipindi, alisimamisha mashine, akawauliza wenzake: "Kwa nini kiboko alikataa kunywa maji mbele ya wakwe?"

"Angefungua kinywa wangeona meno!" akajibu mmoja.

"Si meno tu," Dani akasema kutoka mlangoni. "Wewe ulisinzia hapo. Awino, rudisha nyuma."

Awino akarudisha. Dani akawasogeza watoto wawili kwa mkongojo, akaketi dawatini kati yao hadi mwisho.

Nilimsindikiza baadaye. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumwombea yule mtoto, lakini yeye akanitangulia.

"Alininyamazisha katikati ya neno," alisema, "na watu wote wakangoja aulize. Hata mimi nilingoja." Tukatembea kidogo. "Mtu wa kuanika omena hakosekani, Japuonj."

Nilivua kofia, mwanangu.

Nisalimie mume wako, na shangazi yako anayelipalilia kaburi la marehemu mama yako. Mwambie namkumbuka katika sala. Wasalimie pia wajukuu, na mzee wa kanisa aliyenifungia mizigo nilipoondoka. Kama nimekosea kwa ile redio, narudia tena kukuomba msamaha.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Mwalimu Yeremia

Barua hii inaletwa na Dani Adero mwenyewe. Anavuka hadi huko kwenu Karungu kumtafuta binti wa dada yake, aje wafanye kazi ya omena pamoja. Tafadhali mkaribishe na umpe chai. Akipanda mashua ya kurudi mshike mkono, ila asitambue kwamba unamshika.