Pete ya Sakafuni

Jumanne, jioni

Masika mawili hujakanyaga Kilosa, Tabia! Kwani hapo Mikumi ni Ulaya? Nakugombeza humu daftarini, mdogo wangu, kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, maana kwenye simu nashindwa. Ukisema tu "Shikamoo dada," nasingizia chaji imeisha, nakata.

Leo fundi Shomari ameking'oa kile choo kilichokuangusha. Ile pete ya sakafuni, inayokishika choo kisiyumbe, haikuwa na skrubu hata moja. Ilishikwa na saruji tupu, na maji ya kuogea yameshaila.

Nilijua. Fundi wa kwanza, aliyekiweka choo kile, alisema skrubu zimemwishia, nisubiri kesho. Mimi ndiye niliyemwambia, "Bandika saruji, wageni wa harusi wako njiani." Nyonga yako ilivunjika kwa haraka yangu, na wewe pale chini ukaniomba radhi, eti umenivunjia choo.

Sijamwambia mtu.

Leo sikubanduka mlangoni. Shomari ametoboa zege, amekaza skrubu nne zisizoshika kutu. Nikaikanyaga pete, nikaivuta kwa mikono miwili.

"Bibi, utaing'oa!"

"Iking'oka, na sikio lako linang'oka. Kaza!"

Haikutikisika. Ndipo nikamruhusu aweke choo kipya. Alipoondoka nikakikalia, nikalia hapo hapo.

Ukija, shikamoo yako iweke kwanza. Keti kibarazani nikueleze nilichosema siku ile. Ukiona bado nastahili, ndipo uniamkie.