Sikukuacha, na Sikurejei

Sib, Maskati

Kwako mke wangu Kidawa,

Assalamu alaikum. Neno "mke wangu" nimelitanguliza makusudi, ili yeyote anayechungulia juu ya bega lako aanze kukasirika mapema, tusicheleweshane.

Goti lako je? Nilikukataza kuchuchumaa na bila shaka unachuchumaa. Mama presha imetulia? Mimi mzima, alhamdulillahi. Nimepungua kidogo, na nilichopungua ni tumbo, kwa hiyo usihuzunike, ulikuwa ukilidai siku nyingi.

Mama aliyekupa barua hii anaitwa Bi Zuwena. Mwekee kiti chenye mgongo, mpe chai isiyo sukari, na usimwulize neno mpaka umalize kusoma. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia simu anapokea kakako Mbarouk. Ananiambia, "Mwenye eda hasemi na wanaume wa kando," kisha anakata. Juzi nikamwuliza, "Eda ya nani, shemeji?" Akasema, "Usiniite shemeji."

Hapo ndipo nilipojua mambo yamefika mbali. Yaliyobaki kanieleza bintiyetu Asya, huku analia, huku anacheka: kwamba Mbarouk kaniona kwenye simu nikikuacha kwa jina lako, kasema talaka haina mzaha, kaja na gari mpaka Chake, kakubeba wewe na cherehani yako kwenda kwake Wete. Na kwamba anaihesabu eda yako kama mtu anayengoja mshahara. Ikisha tu, atasema wewe huru na mimi si lolote.

Basi nisikilize mimi pia, maana wewe na yeye mmeona kipande kidogo mno.

Unaijua kazi yangu, kuwatafutia watu baridi. Niliitwa nyumba moja hapa Sib, nikadhani kiyoyozi kimekufa. Kumbe kizima. Mwenye nyumba, Rahma, mwalimu wa skuli, mtoto wa watu wa Unguja waliohamia huku, akaniambia, "Ami, nataka kipoze lakini kisitoe sauti hata kidogo." Nikamwambia kitu hicho hakijazaliwa. Kiyoyozi ni kama mwanamme, akifanya kazi lazima nyumba nzima isikie. Basi tukakizima.

Alikuwa anatengeneza filamu fupi, kwa Kiswahili cha kwao, kwa pesa zake mwenyewe, yaani bila pesa. Kamera ni simu. Mwanga unarudishwa usoni kwa karatasi ya fedha ya kufungia samaki, imebandikwa kwenye boksi. Kinasa sauti kimefungwa kwenye mti wa ufagio. Malipo ya waigizaji ni biriani. Aliyekuwa awe mume hakutokea, na mimi niko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni. Rahma akanitazama. "Ami Faki, wewe una uso wa mume."

Nikasema, "Nnao, lakini mwenyewe yuko Pemba."

Hadithi yenyewe hii. Mzee anamwacha mkewe kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi. Mke hagombi, anakusanya vyake. Kumbe kila kitu mle ndani ni chake, mpaka mkeka. Mzee anabaki kwenye sakafu tupu, bakuli la mchuzi mkononi, hana hata kijiko. Basi, imekwisha.

Rahma akauliza huyo mke tumwite nani. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe, nikasema, "Mwite Kidawa." Ndilo jina la pekee la mwanamke ninaloweza kulitamka mbele za watu bila ulimi kujikwaa. Tena nilidhani nakupa zawadi, jina lako lisikike ukumbini na watu wamekaa kwenye viti. Ndiyo akili yangu hiyo. Uliijua ukaolewa nayo.

Aliyekuwa mke ni shangazi yake Rahma, Bi Zuwena. Ndiyo, huyo huyo anayekunywa chai mbele yako. Mtazame vizuri. Huyo ndiye niliyemwacha. Umri wake ni wa mama yangu, na siku ya kwanza alinipima kutoka utosini mpaka kwenye kandambili, akamwambia Rahma, "Huyu ndiye mume? Basi talaka naitaka mimi."

Wakanipaka unga ndevu nizeeke. Kiyoyozi kimezimwa, madirisha yamefungwa, na joto la huku ushalisikia kwa watu. Jasho likashuka likakutana na unga, nikawa chapati inayongoja moto. Nikifungua mdomo, ndege inapita, maana uwanja uko jirani. Rahma anapiga ukelele, "Kata!" Ndege ikenda zake, adhana. Adhana ikisha, gari la gesi na honi yake.

Kukawa kimya, basi mimi ndio nikashindwa.

"Ami, unasema nimekuacha kama unaagiza soda. Kasirika!"

"Mwanangu, nikasirike na mama mtu mzima namna hii?"

"Mfikirie mtu aliyekuudhi."

Nikamfikiria mteja wangu mmoja, hufungua milango yote minne ya sebule kisha ananipigia simu ati kiyoyozi hakipozi, mimi mwizi. Nikamwona pale pale, na kanzu yake, na kidole chake. Nikapiga meza: "Kidawa! Nimekuacha!"

Kidawa, kama talaka ile ilimwangukia mtu, imemwangukia bwana yule. Eda akae yeye.

Bi Zuwena machozi yakamtoka, na hakuwa ameambiwa alie. Rahma alipomletea maji, akasema, "Mimi niliachwa kweli, miaka hiyo, kwa chumvi hiyo hiyo. Na aliyeniacha hakupiga hata kelele. Alikuwa anatafuna." Kumbe hadithi ni yake. Sikuwa nimejua. Nikajiona mjinga na unga wangu.

Sasa, mshika ufagio alikuwa Omari, yule Mtanga ninayekaa naye chumba kimoja. Mkono mmoja ufagio, mkono mmoja simu yake. Akaurekodi ule ukelele peke yake, mwanzo haupo, mwisho haupo, akawarushia rafiki zake waone nilivyo hodari. Ndicho kilichokufikieni. Alipoyasikia yaliyotokea kwako alishindwa kula, na wewe hujawahi kumwona Omari, hujui hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

"Kaka Faki," akaniambia, "mbona dogo hili? Sema 'nimemrejea mke wangu'. Mashahidi tumo humu humu. Mpelekee shemeji yako, yaishe."

"Sisemi."

"Maneno matatu tu!"

"Hata moja."

"Kwa ajili ya tahadhari, basi."

"Tahadhari ya nini? Anayerejewa ni aliyeachwa. Nikisema nimemrejea, nimekiri kuna siku nilimwacha. Nionyeshe siku hiyo."

Akaniita kichwa maji. Huenda. Lakini sikutaka liwe la kichwa changu peke yangu, nikaenda kwa sheikh wa msikiti wetu, nikamweleza yote mpaka unga. Akauliza, "Uliposema, mbele yako alikuwa nani?" Nikasema Bi Zuwena. "Ni mkeo?" Sivyo. "Na moyoni ulimkusudia nani?" Nikasema, "Mteja wa kiyoyozi, sheikh." Alificha mdomo kwa ncha ya kilemba, lakini mabega yalimsaliti. Kisha akawa mkali. "Mkeo yuko wapi sasa?" Kwa kaka yake. "Nani kamtoa nyumbani?" Kaka yake. Akasema, "Hapana talaka hapo. Na hata ingekuwapo, mwanamke wa talaka ya kurejewa eda yake hukaa nyumbani kwa mumewe. Hatolewi. Mwambie huyo bwana arudishe mtu alipomchukua, kisha ndiyo aje na masuala."

Basi hayo ndiyo ya sheria, na Mbarouk akitaka nambari ya simu ya sheikh nitampa. Yangu mimi ni haya.

Mbarouk kaniletea ujumbe kwamba filamu ifutwe. Haifutwi. Si yangu niifute, ni ya mama huyo aliyekaa mbele yako, aliyengoja umri mzima mpaka mtu akamwuliza ilikuwaje. Tena filamu yenyewe inamwambia mwanamme achunge ulimi wake, na kakako ndiye wa kwanza kutaka isionekane! Sitamwomba radhi kwa hilo, leo wala Idi.

Lakini jina ni lako. Rahma amesema anaweza kulitoa akaweka jingine, midomo haitaonekana sana kwa sababu ya unga. Nimemwambia angoje neno lako. Ukisema litoke, litoke. Ukisema libaki, libaki. Lako nitalifuata, la Mbarouk silitaki hata kulisikia.

Na kurejea, Kidawa, sikurejei. Talaka ni tatu, na mimi sina hata moja ya kumtupia kakako bure ili alale vizuri. Tumekaa mke na mume kwa simu na likizo, watu wakatucheka wakasema nyumba haisimami hivyo, na imesimama. Haitaangushwa na ufagio wa Omari.

Kilichonikosesha raha si Mbarouk. Ni kwamba katika kelele zote hizi wewe sijakusikia. Sijui kama umekwenda Wete kwa sababu umeamini au kwa sababu amelipiga honi gari. Kama umeniamini mimi, funga mizigo leo. Bi Zuwena amekuja na gari la kukodi, na cherehani inaingia, nimeuliza. Ufunguo wa akiba anao mama mkwe wa Asya. Ijumaa baada ya sala nitapiga, na nitapiga simu ya nyumbani kwetu Chake. Mbarouk akikuuliza kakuruhusu nani, mwambie mume wangu.

Nisalimie mama, mwambie dawa zake za miguu ziko kwenye mkoba wa Bi Zuwena. Nisalimie Asya na mumewe, na wifi yako mke wa Mbarouk, aliyekuwa akikupikia uji, Mungu amlipe, hana kosa. Nisalimie na Mbarouk mwenyewe, shemeji yangu, apende asipende.

Mumeo, tangu siku ile ya ndoa bila kukatika,

Faki