Mama Koni, Mwaka Mmoja Bila Wewe

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu asubuhi ile ulipotoka kwenda zamu usirudi. Watu wananiambia nitazoea. Sijazoea, na sidhani kama nataka.

Ulikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Ukiwachoma sindano walilia kwanza, kisha wakakung'ang'ania shingoni wakikuita shangazi. Nyumbani ulikuwa mchokozi, hukubali kushindwa hata karata.

Ndipo ukaanza hizo mbio zako za magari. Ni uwanja wa kuegesha magari, koni za plastiki zimepangwa, gari moja moja linapita kasi huku saa inahesabu. Ukiangusha koni, unaongezewa sekunde. Nilikuuliza, "Na umri huu?" Ukanijibu, "Mzee ni gari, mimi bado." Na gari lenyewe lilikuwa lile lile la kazini na sokoni. Siku ya kwanza ulipotea katikati ya koni, ukaangusha kibao, ukarudi unacheka mpaka machozi. Mafundi wa pale uwanjani wakakupa jina, Mama Koni.

Kabla ya kila mbio uliipita njia kwa miguu, ukiongea peke yako na kuzungusha usukani usiokuwepo. Binti yetu alikuwa nyuma yako, anakuiga.

Sheria yao ni kwamba gari liwe tupu, kisije kitu kikarukaruka ndani. Kila Jumapili ulitoa mazulia, jeki na tairi la spea, ukaviacha nyuma ya kochi, jioni ukavirudisha. Jumapili ile ulikuwa hoi. Ukasema, "Kesho." Asubuhi tairi likapasuka barabarani, ukafungua buti, hamna kitu. Ukatupigia simu tukuletee spea, ukasimama kando ya gari kutusubiri. Lori likakupitia. Tulipofika na tairi, ulikuwa umeshafunikwa shuka.

Majirani wakasema koni ndizo zilizokuua. Waongo wakubwa! Kwenye koni hukupata hata mkwaruzo. Ningekuwa na wa kumlaumu, labda ningepata usingizi.

Sasa binti yako anataka kujiandikisha kwenye mbio hizo. "Baba, gari limetengenezwa, na kofia ngumu ya mama ya mbio ipo." Nimekataa. Funguo natembea nazo mfukoni. Tumegombana vibaya, siku hizi kila mtu anakula chumbani kwake. Najua wewe ungemfungulia mlango wa gari na kumfunga mkanda mwenyewe. Lakini hupo, uamuzi umeniangukia mimi, na sina kifua cha kuzika tena. Anichukie tu. Bora anichukie akiwa hai.

Wanaokukumbuka kwa uchungu ni mimi mumeo. Mama yako, ambaye bado anakuwekea sahani. Dada yako mshonaji. Wauguzi wenzako wa wodini. Na binti yako, aliyetaka iandikwe hapa kwamba hakubaliani na baba yake.

Hutatutoka moyoni kamwe.